Maabara ya Cavendish na Kukua kwa Idara ya Fizikia

Chuo Kikuu cha Cambridge kina umri wa zaidi ya miaka 800, lakini nyumba yake ya fizikia ina umri wa karne moja na nusu tu. Isaac Newton alichunguza nuru katika vyumba alivyokaa mwenyewe katika Trinity College, na kwa miaka mingi baada yake hali haikubadilika sana. Mtaalamu aliyetaka kujaribu jambo alilijaribu chumbani mwake, kwa vyombo alivyonunua kwa fedha yake. Mwanafunzi alifundishwa hesabu za sumaku na za joto mpaka akazijua vyema, akatunukiwa shahada kwa heshima, naye pengine hajapata kushika waya wala kusoma kipimajoto kwa makini. Fizikia ilikuwa elimu ya kalamu. Namna ilivyopata kuwa elimu ya mikono pia ni habari yenye manufaa kwa kila chuo, maana ndani yake mna jibu la swali ambalo wakuu wa vyuo huulizana mara kwa mara: idara hukua kwa nini? Hukua kwa fedha, au kwa majengo, au kwa watu?

Fedha ndiyo iliyoanza kuleta mashaka. Mwaka 1869 kamati ya Chuo ilishauri kwamba pawe na profesa wa fizikia ya majaribio, na maabara ya kufundishia. Gharama ya jengo na vyombo ilikadiriwa kuwa paundi 6,300. Koleji za Cambridge zilikuwa na mali, lakini kila moja ilichunga mfuko wake, na shauri lilikaribia kufa kwa maneno. Mwaka 1870 William Cavendish, Duke wa Devonshire, aliyekuwa Mkuu wa Chuo, alijitolea kulipa gharama yote. Duke huyu hakuwa tajiri wa kutoa bila kujua anachotolea. Katika ujana wake alishinda mtihani wa hesabu wa Cambridge akawa wa pili, na mali yake ilitiwa katika viwanda vya chuma, ambamo faida ya elimu ilionekana kwa macho. Katika ukoo wake alikuwamo pia Henry Cavendish, aliyepima uzito wa dunia katika karne ya 18.

Jengo lilikuwa na mwenye kulilipia. Sasa alitafutwa mwenye kulitia roho. William Thomson wa Glasgow aliombwa, akakataa. Helmholtz wa Ujerumani alitakiwa, naye hakuja. Hatimaye, mwaka 1871, alichaguliwa James Clerk Maxwell, mtu wa Scotland aliyekuwa amejitenga shambani kwake akiandika kitabu juu ya umeme na sumaku. Huyo wa tatu ndiye aliyeunganisha umeme, sumaku na nuru katika elimu moja, na leo huhesabiwa pamoja na Newton.

Wakati jengo linapanda, Maxwell hakuwa na mahali pa kufundishia. Muhula mmoja aliazima chumba cha kemia, wa pili chumba cha mimea, wa tatu chumba cha maungo ya wanyama. Akajifananisha kwa mzaha na yule ndege asiyejenga kiota, atagaye mayai katika viota vya wenzake. Mwaka 1874 maabara ilifunguliwa katika kichochoro kiitwacho Free School Lane, na juu ya mlango wake mkubwa ulichorwa kwa Kilatini mstari wa Zaburi. Wanafunzi walikuwa wachache. Maxwell hakuwalazimisha kufuata kazi yake mwenyewe. Alimwacha kila mmoja achague swali lake, wala hakumkataza mtu kujaribu jambo kwa kuwa yeye alidhani halitafaulu. Alifariki mwaka 1879, umri wake ukiwa miaka 48.

Lord Rayleigh, aliyemfuata, alikaa miaka mitano tu, lakini aliweka utaratibu. Alichangisha fedha za vyombo, naye mwenyewe akatoa paundi 500. Akawaagiza wasaidizi wake wapange masomo ya majaribio hatua kwa hatua, ili mwanafunzi wa kawaida, si yule mwenye kipaji peke yake, ajifunze kupima. Kazi yake kubwa ilikuwa kusahihisha vipimo vya umeme, kazi isiyo na sifa nyingi kwa watu, lakini ambayo bila yake fundi wa mji mmoja asingeelewana na fundi wa mji mwingine. Katika kazi hiyo alisaidiwa na Eleanor Sidgwick, shemeji yake. Na mwaka 1882 madarasa ya maabara yalifunguliwa kwa wanawake. Maxwell hakuwa amependa jambo hilo. Aliwaruhusu tu wakati wa likizo ndefu, yeye akiwa Scotland.

Mwaka 1884 alichaguliwa J. J. Thomson, kijana wa miaka 28. Wengine walishangaa, maana alijulikana kwa hesabu kuliko kwa majaribio, na mikono yake ilikuwa mizito hata wasaidizi wake hawakufurahi kumwona akigusa vyombo vya kioo. Hata hivyo alidumu miaka 35, na katika muda huo lilitokea badiliko ambalo halikutoka kwa mtaalamu yeyote bali katika kitabu cha kanuni. Mwaka 1895 Chuo kiliruhusu watu wenye shahada za vyuo vingine waingie Cambridge kufanya uchunguzi. Kabla ya hapo mlango ulikuwa wa wenyeji. Mara tu ulipofunguliwa waliingia Townsend kutoka Ireland na Ernest Rutherford kutoka New Zealand, mtoto wa mkulima. Miaka miwili baadaye, mwaka 1897, Thomson alionyesha kwamba ndani ya atomu mna chembe ndogo zaidi, elektroni, ambayo uzito wake ni kama sehemu moja katika 1,800 ya atomu ya haidrojeni. Neno atomu maana yake ni kitu kisichokatika. Katika Cavendish lilipoteza maana yake.

Rutherford alizunguka Canada na Manchester, akarudi mwaka 1919 kuwa mkuu wa maabara alimoingia kama mgeni. Enzi yake husimuliwa kama enzi ya lakiri na kamba, kwa kuwa vyombo viliundwa humo humo kwa vitu rahisi. Sifa hiyo ina kweli, na ina hatari. Mwaka 1932 Chadwick aligundua nyutroni kwa chombo kilichoweza kukaa juu ya meza. Lakini mwaka huo huo Cockcroft na Walton waliipasua atomu ya lithiamu kwa mtambo wa volti laki kadhaa uliojaza chumba. Viungo vyake vilizibwa kwa plastisini, naam, lakini nguvu yake ilitokana na ujuzi na vifaa vya viwanda vya umeme. Kuanzia hapo fizikia ya kiini cha atomu ilitaka mitambo mikubwa na mali nyingi. Mwaka 1936 Lord Austin, mtengenezaji wa magari, alitoa paundi 250,000. Mwaka uliofuata Rutherford alifariki.

Sifa hizo zisifiche aibu iliyokuwa ndani yake. Cecilia Payne aliyasikiliza mafunzo ya Rutherford mara baada ya vita vya kwanza. Kwa kanuni, mwanamke alikaa safu ya mbele. Na kwa kuwa alikuwa peke yake, alikaa mbele ya darasa zima la vijana. Kila siku profesa alianza kwa kumtazama yeye na kuwasalimu mabibi na mabwana, akikaza neno la kwanza, na vijana wakapiga makofi na kukanyaga sakafu kwa vishindo. Payne aliondoka akaenda Marekani, na huko mwaka 1925 alithibitisha katika tasnifu yake kwamba nyota zimefanyika zaidi kwa haidrojeni. Cambridge haikuwapa wanawake shahada kamili mpaka mwaka 1948. Kufungua mlango wa darasa ni jambo moja. Kumpa mtu kiti ndani yake ni jambo jingine.

Lawrence Bragg alipokuja mwaka 1938 alirithi nyumba iliyojulikana duniani kwa jambo moja. Njia nyepesi ilikuwa kuliendeleza jambo hilo hilo. Baada ya vita, ushindani wa mitambo mikubwa ulikuwa umehamia kwa mataifa yenye mali zaidi, na Bragg akaitia nguvu ya idara katika kazi zilizoonekana ndogo. Max Perutz, mkimbizi kutoka Austria, alikuwa akijaribu kufahamu umbo la himoglobini kwa mionzi ya eksirei, kazi iliyomla zaidi ya miaka 20. Martin Ryle alikuwa akisikiliza mawimbi ya redio yatokayo mbinguni kwa vyombo vilivyobaki vitani. Walikuwapo walionung'unika kwamba fizikia ya kweli imeachwa. Mwaka 1953 Crick na Watson, waliokuwa katika kikundi cha Perutz, walitangaza umbo la DNA, wakitegemea kwa sehemu kubwa picha na vipimo vya Rosalind Franklin wa King's College, London, ambaye sifa yake ilichelewa kutajwa.

Katika uwanja wa redio jambo kama hilo lilirudi. Mwaka 1967 mwanafunzi Jocelyn Bell, aliyeshiriki kwa mikono yake kusimamisha nguzo na nyaya za chombo kipya nje ya mji, aliona katika mita nyingi za karatasi alama ndogo isiyofanana na nyingine. Hakuipuuza. Ilikuwa mpigo unaorudi kila baada ya sekunde moja na theluthi, nao ulitoka katika nyota ya namna isiyopata kuonekana, ambayo sasa huitwa pulsa. Mwaka 1974 Tuzo ya Nobel walipewa Hewish, mwalimu wake, na Ryle, Bell hakutajwa.

Mwaka huo huo wa 1974, miaka 100 kamili tangu kufunguliwa kwa nyumba ya Maxwell, idara ilihamia magharibi mwa mji, maana Free School Lane palikuwa hapatoshi tena. Mwaka 2017 urithi wa Ray Dolby, aliyekuwa mwanafunzi wa idara hiyo, ulitoa paundi milioni 85 kwa nyumba nyingine mpya. Ukilinganisha fedha hiyo na paundi 6,300 zilizokwamisha kamati, ni rahisi kudhani kwamba idara imekua kwa kadiri ya mfuko wake.

Lakini mafuatano ya habari yenyewe yanashuhudia vingine. Fedha ya Duke ilijenga kuta; kanuni ya mwaka 1895, isiyogharimu hata matofali, ilimleta Rutherford. Kanuni ya viti na shahada, nayo isiyogharimu kitu, ilimpeleka Payne ng'ambo. Mwaka 2018 Jocelyn Bell Burnell alipewa tuzo ya dola milioni 3 kwa kazi ile ya ujana wake. Hakujiwekea. Aliitoa yote iwe mfuko wa kuwasomesha fizikia wale ambao kwa kawaida hawaonekani katika madarasa yake.