Tume ya Makaburi ya Vita na Majina Yaliyoachwa

Mwaka 1914, Mwingereza Fabian Ware aliongoza kikosi cha magari ya wagonjwa cha Msalaba Mwekundu huko Ufaransa. Akaona wafu wanafukiwa bila yeyote kutunza orodha, naye akaanza kuitunza. Kutokana na kazi hiyo, Mei 1917 Uingereza iliunda Tume ya Makaburi ya Vita, ambayo tangu 1960 ni ya Jumuiya ya Madola. Ahadi yake: jenerali na kuruta ni sawa. Aliyezikwa atawekewa jiwe, na aliyepotea asionekane hata mfupa, jina lake litachongwa ukutani. Lango la Menin, Ubelgiji, lina majina zaidi ya 54,000 ya namna hiyo. Ya Thiepval, Ufaransa, yanazidi 72,000.

Ahadi hiyo haikufika kwa wapagazi wa Afrika Mashariki waliobeba mizigo ya jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wale walioachia Dar es Salaam jina la Kariakoo na Nairobi jina la Kariokor. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 1922 Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alitaka makaburi yao yaachwe yaote pori upesi. Badala ya majina, Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi zikapewa sanamu. Ni kazi ya fundi hodari, hilo sibishi, ila sanamu haisemi huyu ni mtoto wa nani.

Katika Vita vya Pili vya Dunia mambo yalikuwa tofauti. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwamo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Bahari haikurudisha miili yao, lakini majina yao yamo katika mnara wa makaburi ya vita, Barabara ya Ngong, Nairobi. Kumbe Mwafrika aliyepotea aliweza kuandikwa, akitakiwa.

Aprili 2021 tume yenyewe ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Msomaji, kama kwenu kuna babu aliyechukuliwa upagazi asirudi, andika jina lake, la baba yake na la kijiji chake, ulifikishe kwa tume hiyo.