Brusela ya ngamia: hatari iliyomo katika maziwa mabichi

Katika nyanda kame za kaskazini mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na Somalia, ngamia huendelea kutoa maziwa hata pale ng'ombe wanapokauka. Maziwa hayo aghalabu hunywewa mabichi, na hapo ndipo brusela, uitwao pia ugonjwa wa kutupa mimba, hupata njia ya kumwingia binadamu.

Bakteria wa ugonjwa huu waligunduliwa mwaka 1887 huko Malta na David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza. Kwa ngamia, maradhi haya ni ya siri: mnyama huweza kuonekana mzima kabisa ilhali ameambukizwa. Dalili iliyo wazi zaidi ni kuharibika kwa mimba, hasara kubwa kwa mfugaji, kwani ngamia hubeba mimba kwa takriban miezi 13. Kijusi, maji ya uzazi na kondo la nyuma hujaa bakteria. Mbuzi na kondoo wachungwao pamoja na ngamia nao huweza kuwa chanzo cha maambukizi.

Binadamu hupatwa na homa ya kupanda na kushuka, jasho jingi usiku, uchovu, na maumivu ya viungo na mgongo. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na za malaria na homa ya matumbo, wapo wanaotibiwa maradhi wasiyokuwa nayo. Tiba ni viuavijasumu viwili kwa pamoja, kwa muda wa wiki 6 hivi. Anayeacha dawa mara homa inaposhuka huweza kuugua tena.

Baadhi ya wafugaji husema moto huondoa ladha ya maziwa. Kwa kweli nyuzi joto 63 kwa dakika 30 hutosha, lakini asiye na kipimajoto hana budi kuyachemsha. Kuyachachusha, au kufukiza vyombo kwa moshi, si kinga ya kutegemewa.

Anayemzalisha ngamia avae glavu, na mabaki ya uzazi yachomwe au yafukiwe shimo refu, mbali na mbwa na visima. Ngamia aliyenunuliwa atengwe na kupimwa damu kabla ya kuchanganywa na kundi.

Chanjo zilizozoeleka zilitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kuwachanja hao hupunguza maambukizi yanayomfikia ngamia. Hata hivyo, chanjo hizo zina bakteria hai waliodhoofishwa, hivyo hutolewa na mtaalamu wa mifugo. Sindano ikimchoma mchanjaji kwa bahati mbaya, yeye mwenyewe huweza kuugua.