Utafiti shirikishi: Wafugaji wa Isiolo walivyochora ramani ya ardhi yao

KULAMAWE ni kituo kidogo cha biashara kilichoko kando ya barabara itokayo mjini Isiolo kuelekea Garba Tula. Jina hilo laweza kumfanya mgeni adhani kwamba hapo hapana kitu ila mawe na jua kali. Dhana kama hiyo ndiyo iliyotawala ramani nyingi za kaskazini mwa Kenya tangu enzi za ukoloni. Zilionyesha mipaka, barabara na vituo vya serikali. Malisho na njia za mifugo zikaachwa.

Kwa Waborana wa Waso, ardhi hiyo haikuwa tupu kamwe. Yapo malisho ya ganna, yaani msimu wa mvua za masika, yapo ya kiangazi, na yapo yanayotunzwa kwa ajili ya ukame. Wazee wa dedha, eneo la malisho ya pamoja, ndio huamua mifugo ihamie wapi na lini. Kisimani, zamu ya kunywesha husimamiwa na mzee aitwaye aba herega.

Kuhojiwa na kusahauliwa

Maarifa hayo yamewavutia watafiti kwa miaka mingi. Hata hivyo, desturi ya zamani ilikuwa mtafiti kuja na maswali yake, kuyajaza majibu kwenye daftari na kuondoka. Wakati wa ukoloni, eneo la mpaka wa kaskazini lilikuwa limefungwa, na mtu wa nje hakuingia bila kibali cha serikali. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, ambapo familia nyingi zilipoteza mifugo na kukusanywa kambini, ikiwemo Garba Tula.

Mwanaanthropolojia wa Uswidi, Gudrun Dahl, alieleza maisha ya Waborana wa Waso katika kitabu chake Suffering Grass cha mwaka 1979. Ni kazi yenye thamani kubwa, lakini kilichapishwa Stockholm, tena kwa Kiingereza, mbali na wale kinaowahusu.

Mwaka 1999, Linda Tuhiwai Smith, msomi wa jamii ya Wamaori wa New Zealand, alichapisha kitabu kinachohoji utafiti wa aina hiyo. Hoja yake ni kwamba utafiti ulitumika kama chombo cha ukoloni, na kwamba jamii inayochunguzwa ina haki ya kujua nani ameliuliza swali, nani atamiliki majibu na nani atafaidika.

Afrika Mashariki haikungojea kitabu hicho. Mwaka 1975, mradi wa Jipemoyo ulianza wilayani Bagamoyo, Tanzania, ukiwaunganisha watafiti wa Tanzania na wa Ufini, akiwemo Marja-Liisa Swantz. Wanavijiji walihesabiwa kuwa washiriki katika kuyachunguza matatizo yao wenyewe na kuyatafutia ufumbuzi.

Picha za setilaiti na majina ya Kiborana

Huko Isiolo, hatua kubwa ilipigwa katika muongo wa 2010, chini ya mipango ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Picha za setilaiti zilionyeshwa ukutani, nao wafugaji wakataja visima, malisho na njia za kuhamia, huku mtaalamu akiyaingiza hayo kwenye kompyuta. Lengo lilikuwa maarifa ya wenyeji yaingie katika mipango ya serikali.

Hata hivyo, baraza la wazee peke yake halitoshi. Wanawake ndio hujenga nyumba, hukama na kuuza maziwa. Biashara ya maziwa ya ngamia kutoka Isiolo hadi mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi huendeshwa zaidi na wao. Mwanamke aonaye maziwa yakipungua kibuyuni hung'amua dalili ya ukame mapema. Kwa kuwa si rahisi azungumze wazi mbele ya wazee, utafiti shirikishi huviandalia vikundi vya wanawake vikao vyao, kisha maoni ya pande zote huoanishwa.

Sheria na tahadhari

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 humtaka mtafiti apate leseni. Ile ya kulinda maarifa ya jadi ya 2016 inadai ridhaa ya jamii kabla maarifa yake hayajatumiwa. Leseni iliyotolewa Nairobi, kwa hivyo, haichukui nafasi ya idhini ya wenyeji.

Kubwa zaidi ni suala la ardhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe. Isiolo imo katika njia ya mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa mwaka 2012 kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Mpimaji anapokuja, malisho yasiyo kwenye ramani ni rahisi kuitwa ardhi isiyo na mwenyewe.

Lakini ramani ni kisu chenye makali pande mbili. Inayomlinda mfugaji yaweza pia kumwonyesha mgeni kilipo kisima, au kumfungia jirani aliyezoea kunywesha hapo wakati wa kiangazi. Kwa sababu hiyo, jamii hazina budi kukubaliana mapema kuhusu yatakayoandikwa na yatakayobaki vinywani mwa wazee, nani ataitunza nakala, na kwa lugha gani matokeo yatarudishwa barazani. Mtafiti asiyekuwa na jibu la maswali hayo bado hajawa tayari kufungua daftari lake.