Malka: Neno na Maji katika Bonde la Mto Tana

Mto Tana, mrefu kuliko yote nchini Kenya, huanzia Mlima Kenya na safu ya Aberdare. Katika nyanda za chini, Wapokomo hulima kandokando yake kwa kutegemea mafuriko, nao Waorma huteremsha ng'ombe kunywa maji wakati wa kiangazi. Njia hizo za ng'ombe, zipitazo baina ya mashamba, Waorma huziita malka. Neno hilo lahifadhi mapatano ya kale juu ya maji. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, lilipunguza mafuriko. Baadaye malka nyingi zikalimwa. Mapigano ya jamii hizo mbili, mwaka 2012 hadi 2013, yaliua watu zaidi ya 100. Mpango wa bonde usiolijua neno malka huyafuta mapatano yenyewe.