Bao la jiwe pale Hyrax Hill

Ukisikia habari za sanaa isiyokamilika mpaka mtu aiguse, usidhani ni mambo ya majuzi. Pale Hyrax Hill, kando ya mji wa Nakuru, kuna mabao yaliyochongwa kwenye mwamba, nje peupe. Louis Leakey alipatambua mahali hapo mwaka 1926. Mary Leakey akapafukua mwaka 1937 na 1938. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1965.

Mwaka 1966, jijini London, Yoko Ono alionyesha sataranji yenye kete nyeupe pande zote mbili. Ukiicheza, baada ya muda hujui ipi yako, ipi ya mwenzako. Hilo ndilo wazo lenyewe.

Lakini kwenye bao, kete hazijawahi kuwa na rangi ya mwenyewe. Ukizila zangu, zinakuwa zako.

Sisi waandishi wa programu tuna la kujifunza hapo. Mwamba umehifadhi mashimo, haukuhifadhi kanuni. Kanuni hukaa vichwani mwa wachezaji. Makumbusho yanaweza kulinda jiwe; mchezo hulindwa na anayemfundisha mwenziwe. Kama kwenu kuna mzee anayejua bao, keti naye wikendi hii, akufundishe.