Wakili Fitz de Souza: Kumbukumbu ya Mtetezi
Wazee wetu na wanachama, twaona yafaa kumkumbuka marehemu Bwana Fitz de Souza (1929–2020). Mwaka 1952, kijana aliyetoka masomoni London, alijiunga na mawakili waliowatetea Jomo Kenyatta na wenzake watano huko Kapenguria. Aprili 1953 washtakiwa walifungwa miaka saba. Wakili alishindwa kesi, hakushindwa moyo. Baada ya Uhuru alikuwa Naibu wa Spika wa Bunge. Na uzeeni, akiwa na aila yake, aliandika kumbukumbu zake.

Sisi wa Kau twaijua thamani ya mtetezi. Juu ya mto wetu, Hola, mwaka 1959 watu 11 waliowekwa kizuizini walipigwa hadi kufa, pasipo wakili wa kuwasemea. Na tuwasomeshe watoto wetu sheria.