Siku Tatu za Msiba: Jeppestown na Cheti cha Daktari

Mwaka 1972 mwanasosholojia Mmarekani Irving Zola aliandika kwamba tiba ilikuwa imeanza kuchukua nafasi ya dini na sheria katika kuongoza mienendo ya watu. Miaka michache baadaye Ivan Illich aliishambulia taasisi nzima ya hospitali. Tangu hapo dhana ya utabibishaji, yaani kuyahesabu mambo ya kawaida ya maisha kama kuzaa, kuzeeka na kufiwa kuwa magonjwa yanayomhitaji mtaalamu, imeandikiwa vitabu vingi. Vingi vya vitabu hivyo humtazama daktari: elimu yake, mamlaka yake, na kampuni ya dawa iliyo nyuma yake. Insha hii inapendekeza tumtazame mtu mwingine, naye ni msimamizi wa kazi anayeuliza, "Cheti kiko wapi?" Katika miji iliyojengwa kwa ajili ya kazi, msiba uliingia katika daftari la magonjwa kwa sababu ugonjwa ulikuwa udhuru unaokubalika wa mtu kutofika kazini. Mtaa wa Jeppestown, mashariki ya kitovu cha Johannesburg, unatuonyesha jinsi jambo hilo lilivyotokea.

Jeppestown ulianza mara baada ya dhahabu kugunduliwa Witwatersrand mwaka 1886, ukapewa jina la familia ya Jeppe, waliokuwa wafanyabiashara wa viwanja. Mafundi na wachimbaji Wazungu walijenga na kupanga nyumba hapo. Waafrika waliofanya kazi chini ya ardhi walilazwa katika kambi za migodi. Msomaji wa Afrika Mashariki asiuone mji huu kuwa wa mbali. Kabla ya uhuru wa Tanganyika, vijana wa nyanda za juu kusini, wakiwamo wa Rungwe, waliandikishwa na wakala wa migodi aliyejulikana kwa jina la Wenela na kusafirishwa hadi kwenye machimbo hayo. Walipimwa afya kabla ya kupokewa, na tangu siku hiyo miili yao ikawa na karatasi.

Nguvu ya karatasi hiyo ilidhihirika katika suala la mapafu. Mashine za kuchoronga mwamba zilitoa vumbi laini lililopenya kifuani na kuua pole pole. Baada ya miaka ya malalamiko, Muungano wa Afrika Kusini ulitunga sheria za fidia mwaka 1911 na 1912, na sheria ya mwaka 1916 ikaanzisha ofisi maalumu ya madaktari wa kuwapima wachimbaji. Mchimbaji Mzungu alipimwa na ofisi hiyo kwa vipindi, na eksirei ikatumika. Mchimbaji Mwafrika alikaguliwa na daktari wa mgodi uleule uliomwajiri, na fidia yake, pale alipoipata, ilikuwa ndogo zaidi. Wengi walirudishwa kwao wakikohoa, wakafia vijijini bila ugonjwa wao kuandikwa popote. Dai lao lilisubiri karibu karne nzima: Julai 2019 ndipo Mahakama Kuu ya Johannesburg ilipoidhinisha mapatano ya fidia baina ya kampuni za dhahabu na wachimbaji walioathirika.

Habari hii inafaa kukumbukwa na kila anayelalamikia utabibishaji. Katika historia ya Johannesburg, kuitwa mgonjwa kulikuwa haki iliyopiganiwa, nayo iligawanywa kwa rangi. Aliyekuwa na cheti alilipwa na kupumzishwa. Asiye nacho alihesabiwa kuwa mchovu au mvivu. Si ajabu kwamba vizazi vilivyofuata vilijifunza kuyapeleka matatizo yao yote mbele ya mtu mwenye muhuri.

Katika miaka ya 1930 halmashauri ya jiji ilijenga hosteli ya Wolhuter hapo Jeppestown, kwa ajili ya wanaume Waafrika waliotakiwa mjini kama nguvu kazi bila familia zao. Wengi wa wakazi wake, hata leo, ni Wazulu waliotoka mashambani KwaZulu-Natal, safari ya mamia ya kilomita. Mwaka 1952 serikali ya ubaguzi ilikaza sheria ya miji: Mwafrika asiye na kibali hakuruhusiwa kukaa mjini zaidi ya saa 72. Mke aliyekuja kumwona mumewe alikuwa na siku tatu. Aliyefika kumwuguza, au kuuchukua mwili wake, naye alihesabiwa saa hizo hizo. Sheria hizo zilifutwa mwaka 1986, lakini hosteli imebaki, na pamoja nayo desturi ya kufanya kazi mahali pamoja na kuzika mahali pengine.

Kuzika kwenyewe kuna utaratibu wake. Kwa desturi ya Wazulu wengi, mtu akifia mjini, hospitalini au barabarani, roho yake hubaki pale alipofia hadi ndugu aje kuichukua. Mzee wa ukoo hufika na tawi la mti uitwao umlahlankosi, humwita marehemu kwa jina na kumweleza kwamba wanakwenda nyumbani. Njiani hazungumzi na watu ovyo. Humwarifu marehemu wanapovuka mto au kubadilisha gari, na wako wanaomlipia nauli ya kiti chake. Mti huo ni wa jamii moja na mkunazi, ambao majani yake watu wa Pwani tunayajua katika maji ya kuoshea maiti. Baada ya mazishi mjane huingia katika ukuzila: huvaa nguo za msiba, mara nyingi kwa mwaka mzima, hujitenga na shangwe, huketi na kusema kwa upole. Mwaka ukiisha nguo huvuliwa kwa sherehe, na kuna ibada nyingine ya kumrejesha marehemu nyumbani awe miongoni mwa wazee wanaoilinda familia.

Desturi hizi zina ukali wake. Mzigo wa ukuzila huwaangukia wanawake zaidi ya wanaume, na mjane anayelazimika kujipatia riziki anaweza kuteseka katika nguo hizo. Hata hivyo zina jambo moja ambalo matanga na eda ya Pwani nazo zinalo: zinampa mfiwa cheo kinachojulikana na watu wote, chenye mwanzo na mwisho. Anayemwona mjane hahitaji kuuliza kama ni mzima au mgonjwa. Amefiwa, na hilo linatosha kueleza ukimya wake.

Ndipo tunapoifikia sheria ya kazi. Sheria ya Masharti ya Msingi ya Ajira ya mwaka 1997, iliyotungwa na serikali ya kidemokrasia kwa nia njema ya kumlinda mfanyakazi, inampa likizo ya majukumu ya familia ya siku tatu zenye malipo. Siku hizo ni za mwaka mzima. Si za kila msiba. Mwenye kumwuguza mtoto mwezi Machi kwa siku mbili, kisha akafiwa na mama mwezi Agosti, amebakiwa na siku moja. Orodha ya wafu wanaotambuliwa ni fupi pia: mwenzi wa ndoa au wa maisha, mzazi, babu na bibi, mtoto, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa naye. Kwa Kizulu ndugu mdogo wa baba huitwa ubabomncane, neno ambalo Mswahili hahitaji kamusi kulifahamu, kwa kuwa ni baba mdogo. Lugha zote mbili zinasema huyo ni baba. Sheria inasema si mtu wa kufiwa naye. Wala tusijione tumesalimika: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ilipotungwa mwaka 2004, iliweka siku nne, na orodha yake nayo haikumtaja mjomba wala shangazi.

Siku tatu zikiisha, mfiwa amebakiwa na njia chache: likizo yake ya mwaka, ruhusa isiyo na malipo ikiwa mwajiri ataridhia, au ugonjwa. Likizo ya ugonjwa ni kubwa kuliko ya msiba. Mfanyakazi wa siku tano kwa wiki anapata siku 30 katika kipindi cha miezi 36. Lakini akikosekana kwa zaidi ya siku mbili mfululizo anaweza kudaiwa cheti kilichosainiwa na mtaalamu aliyesajiliwa. Mfiwa anaketi basi mbele ya daktari, na daktari mwenye huruma anatafuta neno la kuandika: kukosa usingizi, shinikizo la damu, msongo wa mawazo. Hakuna aliyedanganya, maana mfiwa kweli hajalala. Ila kilichoandikwa ni dalili, na kilichomtokea hakikuandikwa.

Wakati huohuo, sayansi ya akili ilikuwa ikisogeza mipaka yake. Mwaka 1917 Freud alieleza kwamba haitupitikii kuiona huzuni ya kufiwa kuwa ugonjwa wa kupelekwa kwa tabibu, ijapokuwa inamtoa mtu katika mwenendo wake wa kawaida. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani uliotolewa mwaka 1980 ulimtenga mfiwa na hukumu ya sonona. Toleo la mwaka 1994 liliupunguza muda wa kinga hiyo hadi miezi miwili, na toleo la mwaka 2013 likaiondoa. Mwaka 2022 huzuni ya muda mrefu ikawa ugonjwa wenye jina lake, unaoweza kutambuliwa kwa mtu mzima miezi 12 baada ya kifo; orodha ya Shirika la Afya Duniani iliweka miezi sita, kwa sharti kwamba huzuni iwe imevuka desturi za jamii ya mfiwa. Arthur Kleinman, daktari wa akili na mwanaanthropolojia wa Harvard aliyefiwa na mkewe mwaka 2011, alikuwa miongoni mwa walioonya mapema dhidi ya mwelekeo huo. Miezi 12 ya mwongozo inalingana na mwaka wa ukuzila, lakini maana zimegeukana. Katika desturi, mwaka ndio wakati wa kumtoa mjane na kumrudisha kwa watu. Katika mwongozo, ndio wakati ambapo mashaka juu yake yanaweza kuanza.

Kesi moja inaonyesha jinsi mambo yasiyo ya hospitali yanavyobanwa yaingie katika fomu ya hospitali. Mwaka 2007 Bi. Mmoledi, mpishi katika hoteli ya Kievits Kroon karibu na Pretoria, aliomba likizo isiyo na malipo ya takriban wiki tano ili amalize mafunzo ya uganga baada ya kuhisi anaitwa na wazee waliokufa. Alipewa wiki moja. Akaacha barua ya mganga wake, akaenda, naye akafukuzwa kazi. Hoja ya mwajiri ilikuwa kwamba hakuwa mgonjwa. Shauri lilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Rufaa, ambayo Novemba 2013 iliamua kwamba alifukuzwa isivyo haki. Majaji hawakudai kujua kama wazee humwita mtu. Walitambua kwamba aliamini kwa dhati kuwa uhai wake ulikuwa hatarini, na kwamba imani ya namna hiyo si ya kupuuzwa. Alishinda, lakini ilimchukua zaidi ya miaka sita kuthibitisha kwamba kuna sababu nyingine za mtu kutokuwapo mbali na homa.

Kuhusu uzazi, sheria ilikwisha kuonyesha kwamba inaweza kufikiri vingine. Kujifungua, ingawa siku hizi hufanyika zaidi hospitalini, hakuhesabiwi katika likizo ya ugonjwa. Kuna likizo yake ya miezi minne. Oktoba 2025 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba wazazi wawili walioajiriwa wanaweza kugawana miezi minne na siku 10, na msomaji wa Pwani atashtuka kuiona hesabu ya eda katika hukumu ya kulea. Mama aliyezaa mtoto mfu anapewa wiki sita, muda unaokaribia arobaini yetu, lakini ni wiki zilizowekwa ndani ya kifungu cha uzazi. Mwili uliozaa umetambuliwa, na kulia kwake kumepitia mlango huo.

Sisemi kwamba huzuni haiwezi kumharibu mtu. Wako wanaohitaji daktari, na kuwanyima kungekuwa kurudia dhuluma waliyofanyiwa wachimbaji wa vumbi. Ila mwenye kwenda kwa daktari aende kwa kuwa anahitaji tiba. Asilazimike kwenda kwa kuwa barua ya mzee wa kijiji, imamu au chama cha mazishi haina thamani kwa mwajiri. Mabadiliko yanayohitajika si makubwa: siku zihesabiwe kwa kila msiba, safari ya kwenda kuzika isihesabiwe ndani ya siku hizo, na baba mdogo aingizwe katika orodha. Mkazi wa Wolhuter anayeshika tawi lake na kusubiri teksi ya kwenda Msinga hana ugonjwa wowote. Anampeleka mtu wake nyumbani, na daftari la kazi linapaswa kuwa na safu ya kuliandika jambo hilo kwa jina lake.